Mbegu ya Mama Iko Kwako

Nyuma ya kanisa,
Oussouye, Casamance.
3 Machi 2019

Mpendwa dada Philomène,

Najua utashtuka kuuona mwandiko huu, lakini pokea salamu zangu. Magoti yanakusumbua bado? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Sisi tu wazima. Mvua zilikuwa nzuri, huko bondeni tulivuna mpaka mwezi wa kwanza.

Binti yangu Edwige anaolewa baada ya Pasaka. Kijana ana adabu, na jembe analijua.

Sasa nisikilize, dada. Mwaka jana walikuja watafiti wa mpunga, wanakusanya mbegu za zamani. Nikawapa ile ninayopanda kila mwaka, nikajigamba kwamba ndiyo ya mama. Kiongozi wao, binti anaitwa Oulimata, akauona mganda wako wa mpunga darini, ule uliouleta kwenye mazishi ya mama miaka sita iliyopita, ukauacha. Akaomba punje chache. Nikacheka. "Chukua tu, mwanangu, hiyo ni ya kuku."

Alirudi mwezi uliopita. Kumbe mwaka 1979 mama mwenyewe aliwapa watu kama hao mbegu yake, na mpaka leo imetunzwa kwenye baridi, jina lake limeandikwa. Wamezilinganisha zote tatu kwa alama za vinasaba, zile zilizomo ndani ya punje na macho hayazioni. Yako na ya mama ni moja, alama kwa alama. Yangu ni ile tuliyogawiwa mwaka wa ukame, ya mama imebaki kidogo tu humo.

Dada, mbele ya jeneza niliusukuma mkono wako. Nilikwambia, "Peleka takataka zako huko ulikoolewa!" Kisha nikaweka mganda wangu kifuani kwa mama, watu wote wanatazama. Mama yetu amezikwa na mpunga wa wageni, na aliyeuweka ni mimi. Ulimi hauna mfupa, lakini huu wangu umevunja mengi.

Nikaukimbilia mganda wako niupande. Punje hamsini, haikuota hata moja. Zimenifia darini.

Oulimata amenionea huruma, anasema wanaweza kunipa punje kumi za kule kwenye baridi. Nimekataa. Tangu lini bibi harusi wa kwetu akapewa mbegu na jokofu? Hupewa na mama yake, mkononi. Na mimi mama yake sina kitu.

Msalimie sana shemeji, na Augustin, na mapacha ambao sijawaona. Edwige anakuamkia, shikamoo mama mkubwa. Mungu akufungulie njia, na uuvuke mpaka salama.

Sikuombi uitume hiyo mbegu ya mama unayoipanda huko. Nakuomba uje umpe Edwige wewe mwenyewe, usimame pale nilipopaswa kusimama mimi. Na kabla hujampa, niambie mbele ya watu wote yale uliyoyameza siku ile. Sitajibu.

Wako akupendaye, hata miaka hiyo niliyonyamaza,

Honorine