Kitako cha Babu na Herufi Nne za Baba

Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mwaka na miezi minne sijakuandikia, mimi niliyesema kaburini mbele ya watu kwamba nitakuandikia kila mwezi. Kila nikishika kalamu Robi anaitaka. Robi humjui. Alizaliwa miezi mitatu baada ya wewe kuondoka. Sasa ana meno manne na anayatumia kwa kila kitu, na mimi nikiwemo. Mwita, somo wako, ameanza shule ya awali na tayari amepoteza kiatu kimoja. Nimechoka, Baba, lakini ni uchovu wa mwili, moyo ni mzima. Kwa hiyo usianze kuhangaika huko uliko.

Karakana yako hapa Nyamisangura haijafungwa. Naiendesha mimi. Wapo wateja wanaofika mlangoni wakachungulia nyuma yangu: "Fundi yuko wapi?" Nawajibu: "Ndiye huyu anayenyonyesha." Wengine wanacheka, wanaingia. Wengine wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu sokoni.

Sasa kaa vizuri, maana barua hii ni ya kukushitaki.

Unamkumbuka Mwalimu Samweli wa Mugumu, yule mstaafu uliyemtengenezea kabati la vitabu. Ameanzisha chumba cha kumbukumbu kwenye ukumbi wa kanisa, cha vitu vya wazee wetu waliokuwa askari wa Keya, wale Mwingereza aliowapeleka Burma. Baba Mdogo Chacha aliposikia hakumaliza hata chai. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akakishusha kitako cha bunduki ya Babu, akakifunga kwenye kanga yangu mpya. Nikamwambia, "Baba Mdogo, hiyo kanga nilikuwa nimeitunza kwa harusi." Akasema, "Na hii ni zaidi ya harusi."

Unajua mwenyewe Babu hakurudi na bunduki. Chuma kilibaki kwa wenyewe, yeye akaomba ule mti wa nyuma uliopasuka ambao jeshi lilikuwa linautupa. Na ubavuni mwake zile herufi nne zilizogongwa, KEYA. Ndizo nilizojifunzia kusoma, Baba. Nilizipitishia kidole kabla sijaanza darasa la kwanza.

Tulipofika Mugumu tukakuta familia kutoka Nyangoto, Bibi Nyangi na wajukuu zake, na wao wana kitako kwenye gunia. Cheusi kama mwiko wa msibani, hakina herufi hata moja. Nilikuwa nasema shikamoo, Baba Mdogo akanikatiza: "Mama, hicho ni kitako au ni kuni iliyokosa jiko?" Bibi Nyangi akakitazama chetu, akamtazama yeye. "Na hicho chenu kinang'aa hivyo, kilipigana vita au kilikwenda kupigwa picha?" Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Lakini haikuwa kicheko tu. Meza ya mbele ilikuwa na nafasi ya kitako kimoja, chenye muhuri wa kweli wa jeshi, na jina la mzee wake lingeandikwa juu yake. Mwalimu akasema, "Tunaye Bhoke wa Fundi Mwita. Amefundishwa kusoma mihuri ya vitako. Atuamulie." Sauti moja nyuma ikasema, "Mwanamke na bunduki wapi na wapi!" Baba Mdogo alitabasamu tu. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Nikakumbuka askari wa wanyamapori walivyokuwa wanakuletea vitako vilivyovunjika, na wewe unaniita nikiwa bado na sare ya shule: "Bhoke, njoo usome." Ulikuwa unaweka kidole changu kwenye alama, unauliza, "Makovu yanapita juu ya muhuri, au muhuri unapita juu ya makovu?" Nikikosea ulikuwa unanirudisha mwanzo. Muhuri wa kweli umezeeka pamoja na mti, ulisema. Ukigongwa jana juu ya mti wa juzi, mti utausema wenyewe.

Nilianza na cha Nyangoto. Robi alikuwa mgongoni, anataka kukitafuna. Nikamuuliza Bibi Nyangi walikuwa wanakifanyia nini. "Kupura maharage," akasema. "Marehemu alisema kilikuwa vitani. Nikaona sawa, basi kimalizie na maganda." Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa kidogo, nikasugua taratibu kama unavyosafisha sikio la mtoto. Weusi ukaanza kutoka. Kwanza nikaona ile alama uliyokuwa unaiita mguu wa kuku, vidole vitatu vinavyokutana, alama ya mali ya Mwingereza. Halafu namba, hafifu kama kovu la chanjo. Mikwaruzo ilipita juu yake yote. Uchafu wa ndani ya alama ulikuwa mgumu sawasawa na wa nje. Halafu, Baba, nani atahangaika kughushi kitu ambacho hata wenyewe hawajawahi kukiona? Bibi Nyangi alikuwa ananiuliza, "Umeona nini? Umeona nini, mwanangu?" Walikipigia maharage miaka yote hiyo bila kujua.

Kisha nikakivuta chetu.

Nilizisoma zile herufi kama sijawahi kuziona. K, E, Y, A. Mzungu hakuandika Keya, Baba. Yeye aliandika K, A, R, herufi za mwanzo za jina la jeshi lake kwa Kiingereza, akazitamka kwa mdomo wake, na masikio ya kwetu yakasikia keya. Keya ni letu sisi. Jeshi gani la Uingereza litagonga jina lake jinsi linavyosikika Tarime? Nikaangalia makovu machache yaliyobaki: herufi zilipita juu yake. Nikaangalia mstari: kila herufi imegongwa peke yake, Y imelala upande kama mlevi. Na ile A. Mguu wake mmoja ni mfupi. Baba, ile A ya chuma, iliyo kwenye boksi lako la mihuri, naishika kila wiki. Ndiyo ninayogongea MWITA chini ya kila kigoda kinachotoka hapa. Nilikuwa nimeshika kazi yako.

Hakuna aliyejua pale isipokuwa mimi. Ningeweza kusema vyote viwili ni vya kweli, tukarudi nyumbani tunaimba. Baba Mdogo alikuwa ameshavuta kiti mbele. Nikafikiria jina lako, nikafikiria na yule wa nyuma aliyesema mwanamke na bunduki. Lakini nikiudanganya mti mmoja, huu wa nyumbani, nitausomaje mwingine?

Nikasema: "Cha Bibi Nyangi ni cha kweli. Chetu, mti wake huenda ni wa kweli, ila umepigwa msasa mpaka hauna cha kusema. Muhuri si wa jeshi. Umegongwa na baba yangu."

Bibi Nyangi akapiga makofi: "Hee! Huyu kamshitaki marehemu!" Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Baba Mdogo hakucheka. "Umemvua baba yako nguo," akasema, "tena mbele ya watu wa Nyangoto!" Akapanda basi, akatuacha. Angalau kanga aliiacha.

Siku kumi hakunisemesha. Hapo ndipo nilipoumia, Baba. Nilikuwa naranda mbao huku machozi yanadondokea kwenye maranda, Mwita anauliza, "Mama, mbao imekupiga?" Nikaona labda kweli nimekosea. Labda binti anatakiwa ayafunike ya baba yake.

Jumapili baada ya ibada nikamwona Baba Mdogo anaingia na mkungu wa ndizi begani. Akakaa juu ya meza yako ya kazi, akaangalia miguu yake. "Bhoke," akasema, "ile siku baba yako alipogonga zile herufi, nani unafikiri alikishika kitako kisiteleze?"

Nikaupokea mkungu, naye akajijibu mwenyewe:

"Mimi. Na nani unafikiri alimtajia herufi? Yeye alikuwa ametoka kujifunza ufundi misheni na boksi lake jipya la mihuri ya herufi, kusoma hajui vizuri. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nilikuwa msomi wa boma lote. Akaniambia, niandikie Keya. Nikamwandikia mchangani, K, E, Y, A. Mwalimu wangu alinifundisha kuandika kama unavyosikia!"

Akanieleza na sababu. Babu alikuwa amefariki, na wanawake kisimani walikuwa wanamtania Bibi kwamba mumewe alirudi kutoka Burma na mwiko wa kukorogea ugali. Alama ya kweli, kama ilikuwepo, Babu mwenyewe aliimaliza kwa kukipiga msasa kila Krismasi. Ukaona mama yako anarudi na ndoo huku analia, ukachukua nyundo. Bibi alipoziona herufi alikibeba kitako mpaka kisimani, akakisimamisha katikati ya ndoo, akasema, "Haya, someni." Hakuna aliyejua kusoma. Yakaisha.

Tulicheka mimi na Baba Mdogo mpaka Robi akaogopa, akaanza kulia. Kwa hiyo hasira yake haikuwa kwa ajili yako peke yako. Na yeye pia alikuwa amevuliwa nguo.

Mwalimu ameweka vyote viwili. Cha Nyangoto kiko meza ya mbele na jina la mzee wao. Chetu kiko karibu na mlango. Baba Mdogo alitaka iandikwe "inasadikiwa ni muhuri wa jeshi." Nikakataa. Nimeandika kwa mkono wangu: "Muhuri umegongwa na Mwita, fundi wa Tarime, kwa ajili ya mama yake." Mwalimu anasema watu wanasimama hapo zaidi kuliko mbele. Na yule wa nyuma, yule wa wapi na wapi, ameleta kinu cha bibi yake nikiangalie ni cha zamani kweli au aliuziwa kipya.

Basi Baba, nakuacha, uji unafurika jikoni. Lala vizuri. Nakuahidi muhuri wa uongo hautatoka kwenye karakana hii, hata kwa mapenzi, na hata akilia mama yangu. Mimi nitamfuta machozi kwa njia nyingine.

Ninavyohitaji unitumie ni hivi:

Kipimo cha mafuta na nta uliyopakia vitako, maana yangu inanata.

Mahali ulipoficha tindo ndogo yenye mpini wa mwanzi. Nimeangalia kwenye kopo, juu ya dari na kwenye koti lako.

Usingizi, saa tatu mfululizo, mchana au hata wakati wa mahubiri.

Na herufi R. Nilitaka kugonga jina la Robi kwenye kigoda chake, nikakuta boksi lako lina herufi zote isipokuwa hiyo. Kama uliipoteza baadaye, sawa. Lakini kama haikuwemo tangu ulipotoka misheni, niambie upesi, maana itakuwa ulijua ni K, A, R, ukakosa R tu ya kugongea, na Baba Mdogo tumemcheka bure.

Bhoke wako