Zimwi Halikutisha, Funguo za Baba Zilitisha

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu nisipolimwaga hili kwako nitalimwaga kwa mtu asiyefaa. Mimi ni msichana, nasoma utengenezaji wa filamu chuoni, na muhula huu kila kundi limepewa kazi ya kutengeneza trela ya filamu ya kutisha, filamu yenyewe haipo, ni trela tu, lakini kabla hujashika kamera mwalimu anataka utafiti wa nini kinawatisha watu, na yeye ana utaratibu wake, anasema usiwaulize maana watakujibu uongo, wafumbishe macho, wapigie sauti, kisha angalia miili yao inafanya nini. Mimi nikapewa upande wa sauti, nikazunguka na simu nikirekodi mlango unaolia bawaba, paka wakipigana juu ya bati, kisu kikinolewa, mwenzetu mmoja akinguruma ndani ya ndoo tukasema huyo ndiye zimwi, na ili zitoshe nikaongeza sauti za kawaida za nyumbani, mojawapo ni funguo za baba zikitupwa mezani, maana baba ni mtunza stoo na hutembea na fungu zima la funguo kiunoni.

Basi nikawakalisha sebuleni mama, dada yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho, baba yuko kazini. Zimwi likanguruma, wakacheka mpaka mama akashika mbavu. Paka, wakacheka. Kisu, mdogo wetu akauliza kama leo kuna nyama. Zikafuata funguo, chwaa! na jamani Mshauri, mama akanyoosha mkono kutafuta rimoti apunguze sauti ya televisheni wakati televisheni imezimwa, mdogo wetu akashusha miguu kwenye kochi, dada akaacha kutafuna, na mimi niliyeibonyeza hiyo sauti kwa kidole changu mwenyewe nikajikuta nimesimama. Nyumba kimya kama maji mtungini. Mama akasema, “Zima hiyo, si nzuri,” akaenda jikoni, na hakuna aliyeizungumzia tena.

Sasa sielewi kichwa wala miguu. Baba hajawahi kutupiga, hanywi, hatukani, ada analipa, ni kwamba akiingia anataka kimya, na akikuta kelele anasimama mlangoni anakuangalia tu mpaka unajiona umekosa hata kama hujakosa, na mara nyingine anaweza kumaliza wiki haongei na mtu na hujui kosa ni la nani. Hiyo ni kutisha au ndiyo kuwa baba? Au ni mimi sina shukrani?

Na mdomo wangu ukaniponza, nikawaropokea wenzangu. Kiongozi wetu tunamwita Dairekta, akaruka juu, “Hiyo ndiyo trela! Hakuna zimwi, hakuna damu, familia inacheka, funguo zinalia, wote kimya, giza!” Mwalimu kaipitisha, michoro ya kila picha imekamilika, na wanataka tuipige picha sebuleni kwetu kwa funguo zilezile, halafu trela zionyeshwe ukumbini wazazi wakiwa wamealikwa. Kibaya zaidi baba amefurahi! Kila jioni ananiuliza, “Mwanangu, filamu imefika wapi? Mnahitaji nini kutoka kwangu?” hajawahi kuniuliza hivyo kuhusu jambo lolote, sebule ametupa, na siku ya onyesho ataomba ruhusa kazini aje. Nimemdanganya kwamba ni trela ya zimwi. Mama anasema, “Ukimwonyesha baba yako mambo hayo, mimi simo.” Dada anasema mwache aone, atajifunza. Dairekta anasema niache utoto. Niitoe sauti tufeli, au niiache baba aisikie mbele ya ukumbi mzima? Nampenda, namwogopa, au vyote? Nisaidie.

Wako, Niliyechanganyikiwa

*

Marahaba, mwanangu. Vuta pumzi kwanza, maana umeniandikia kama mtu anayekimbizwa.

Huna wazimu, wala hujakosa shukrani. Mtu anaweza kulipa ada kila muhula na bado watoto wake wakashusha miguu akiingia. Yote mawili ni kweli, usijitese kuchagua moja. Eti unaniuliza kama unamwogopa? Mwanangu, ulisimama!

Sasa nikugombeze. Mambo ya sebuleni kwenu umeyapeleka chuoni kabla hujakaa na mama yako mkaongea, akili ulikuwa umeiweka wapi? Halafu mzee wa watu anakupa sebule yake, anaomba ruhusa kazini, anavaa shati lake zuri, ili akakae ukumbini agundue kwamba zimwi ni yeye, wazazi wenzake wakitazama. Hiyo si sanaa, huo ni mtego. Dada yako anasema atajifunza. Wapi! Mtu akiaibishwa hadharani hajifunzi, anajifunga, na wa kukaa na kile kimya chake nyumbani ni mama yako. Anasema hayumo kwa sababu anajua atakuwemo.

Leo hii mwambie Dairekta kwamba funguo hazitumiki na sebule haitumiki mpaka baba yako mwenyewe akubali akijua ni kwa ajili gani. Akinuna, anune. Wazo lenu ni zuri na halifi kwa kukosa funguo. Chukueni nyumba nyingine na sauti nyingine, hata viatu vikifutwa mlangoni vinatosha, na mwalimu aelezwe sababu.

Kisha nenda kwa baba. Chagua siku yuko mapumzikoni, mchana, ameshakula. Usimtume mama. Na kama kuna jambo hukuniandikia, kama amewahi kukuinulia mkono au kukutishia, usiende peke yako, mtafute shangazi yako au mtu mzima anayemsikiliza. Lakini kama ni hivyo ulivyoniambia, kaa naye wawili, mwambie lile zimwi lilikuwa uongo, mpigie hiyo sauti, mweleze kila mmoja wenu alifanya nini. Usiongeze chumvi, usipunguze. Ukimaliza, nyamaza.

Huenda akakasirika. Huenda akawanunia wiki nzima, na hizo mmeshazizoea, hamtakufa. Lakini baba anayeuliza kila jioni anahitajika kwa lipi, huyo anatafuta pa kuingilia, na hakuna aliyewahi kumwambia kinachomzuia.

Atakuuliza, “Kwa hiyo mnaniogopa?” Hapo utatamani kucheka, useme ni mambo ya filamu tu. Usithubutu. Mwangalie, umwambie, “Ndiyo, Baba, nakuogopa, na sitaki kuendelea kukuogopa.”