Kumtoa Mama Kwenye Santuri

Alhamisi. Joto la Mpanda leo halina adabu. Mawingu yanajikusanya, yanatutishia, halafu yanaondoka zake. Nimeamka nikiwa tayari nimeudhika.

Sababu ni stereo ya baba.

Mama alifariki mwaka jana. Jumamosi hii ni misa ya kumbukumbu yake, na ndugu wanakuja kutoka Karema, ambako yeye na baba waliimba kwaya wakiwa vijana. Kwaya yao iliwahi kurekodi santuri, na humo kuna wimbo ambao mama anaongoza ubeti mzima, wanaume wakimwitikia kwa chini. Hatuna sauti yake nyingine popote. Picha tunazo hadi za harusi za watu tusiowajua, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrekodi akiongea. Linaniuma sana hilo.

Na sasa wimbo umeanza kuruka. Sindano ya stereo imechoka, kila ikipita inazidi kuikwaruza santuri. Basi familia ikaamua wimbo uhamishiwe kwenye laptop kabla haujapotea kabisa. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu nafanya kazi stationery. Kwa ukoo wetu, anayejua kuchapa barua anajua kila kitu chenye waya.

Asubuhi nikaunganisha. Waya una vichwa viwili vya kuchomeka nyuma ya stereo, cheupe na chekundu, na pini moja ya kuingia kwenye laptop. Nikabonyeza kurekodi, santuri ikazunguka, baba kwenye kiti chake akafumba macho. Nilipofungua kusikiliza nikakuta sufuria zinagongana, kuku wanagombana, na shangazi Felista anauliza chumvi imewekwa wapi. Pini nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la earphone, kwa hiyo laptop ikarekodi nyumba nzima kwa maikrofoni yake yenyewe.

Nikaihamishia kwenye tundu la maikrofoni.

Umeme ukakatika.

Uliporudi mchana, shati limenigandia mgongoni, nikaanza upya. Nikavaa earphone kukagua. Hakuna sufuria, hakuna chumvi. Wanaume wanasikika vizuri kabisa, na besi ya baba nikaitambua palepale. Wanawake sasa. Wako mbali, utadhani wanaimbia nyumba ya jirani. Ulipofika ubeti wa mama nikasikia mwitikio wa wanaume, mtu akakohoa, na huko nyuma kabisa sauti nyembamba ambayo ingeweza kuwa ya yeyote.

Nililia. Shangazi akaniuliza nina nini, nikasingizia vumbi.

Baba ndipo akafungua macho. "Mama," ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, "sisi tulisimama kama tulivyokuwa tunakaa kanisani. Wanawake kushoto, wanaume kulia. Padri akaweka maikrofoni mbili, kila kundi na yake."

Aliyasema kwa utulivu wote wa mtu ambaye angeweza kuyasema tangu asubuhi. Nilihesabu pumzi zangu ili nisimjibu vibaya mzazi.

Ila alikuwa amenisaidia. Tundu la maikrofoni la hii laptop kuukuu linapokea upande mmoja tu wa stereo, wa kushoto, ule wa kichwa cheupe, na mimi nilichomeka vile vichwa bila kuangalia rangi. Nikawa nimevipishanisha, nikachukua upande wa kulia. Nimesota siku nzima kumtafuta mama upande wa wanaume.

"Nyie na mashine zenu, ugali unapoa," shangazi akasema kutoka uani. Nikamwomba atuache kidogo. Nikarudisha cheupe kwa cheupe, chekundu kwa chekundu, na kumsihi Mungu kuhusu umeme na sindano.

Mama akaja. Unasikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Sauti yake ni ya msichana mdogo kuliko mimi nilivyo leo, imenyooka, haina haraka, na wanaume sasa ndio wako nyumba ya jirani. Nikamvalisha baba earphone.

Alisikiliza hadi mwisho. Akazivua, akazitazama mkononi.

"Kumbe sijawahi kumsikia," akasema. "Kila siku nilikuwa namsikia na sisi tukiwa juu yake."

Nikamweleza kwamba si tatizo, ninazo pande zote mbili, naweza kuziunganisha wimbo ukawa kamili kama walivyouimba. Akatikisa kichwa.

"Huo wa kuunganisha wape wageni Jumamosi. Mimi niwekee huu kwenye simu. Sisi usituweke."

Nikamkumbusha kuwa na yeye yumo kwenye hao "sisi", na kwamba besi yake ni nzuri.

"Najua," akasema.

Nimemwekea. Ningependa kuandika kwamba hasira zimeisha, lakini bado nina kazi ya kuoanisha pande mbili za wimbo unaoruka, kwa laptop inayosikia kwa sikio moja, na nina kesho tu. Nitaifanya. Sasa hivi baba yuko barazani, ameishikilia simu sikioni kama mtu anayeongea na mtu, na humu ndani sote, hata shangazi Felista, tunatembea kwa kunyata.