Diski ya Bei Nusu Niliyomwekea Dada Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usome hadi mwisho kabla hujanichukia, maana mimi mwenyewe nimeshaanza.

Naitwa Lamjed, nina miaka arobaini na minne, nafundisha fizikia sekondari hapa Sfax, na kwa sababu hiyo tu ukoo mzima huniona fundi wa kila chenye waya, nami sijawahi kuwakatalia, kwa kweli huwa napenda, shemeji akisema "mpelekee Lamjed" kifua kinanijaa, basi mwezi wa tatu alinijia dada yangu Radhia, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akivuka na feri kwenda visiwa vya Kerkenna kurekodi nyimbo za harusi za akina bibi wa huko, nyimbo ambazo hazijaandikwa popote na wanaozijua wanakwisha mmoja mmoja, akaja na laptopu yake kwapani, akaniambia, "Kaka, hii nikiiwasha nakanda unga, mkate unaumuka, yenyewe bado inazunguka tu. Wanasema dawa yake ni kuweka diski mpya, hizi za SSD. Nichagulie wewe, mimi sijui kitu."

Nami sikujua kitu, mshauri, lakini nilimwambia, "Niachie."

Nilikwenda kwenye duka la kompyuta, nikamkuta nyuma ya meza Yosra, msichana niliyemfundisha miaka sita iliyopita, ambaye siku moja nilimwambia mbele ya darasa zima kuwa fizikia haimtaki, akatafute cherehani. Alinipokea vizuri, hakuonyesha kinyongo, akaniuliza, "Mwalimu, laptopu yenyewe ni ya mwaka gani? Inachukua diski ile bapa au ile nyembamba kama kijiti? Na vitu vya kuhamisha ni vingi kiasi gani?" Maswali matatu, na sikuwa na jibu hata moja, wateja wawili wananitazama, masikio yananiwaka moto, nikamjibu, "Nimepita kuangalia tu, binti," nikatoka. Nje, kwenye meza ya kuuza makava ya simu, kijana mmoja alikuwa na diski bapa, haina boksi, imeandikwa ukubwa mara nne ya ile ya zamani, bei nusu ya dukani. "Mzee, ni ile ile," akaniambia, "wale mle ndani wanakuuzia karatasi na taa za duka." Nikacheka, nikanunua, nikajiona mjanja.

Ikaingia, mshauri. Laptopu ikawaka kama taa. Nikahamisha kila kitu, nikafungua wimbo wa kwanza, ukaimba, wa pili, ukaimba, nikatosheka. Radhia alinibusu kichwani mbele ya watoto wangu na kesho yake akaniletea sinia la makrudh, vile vitamutamu vya tende. Nilipomuuliza ile diski yake ya zamani niifanye nini, akasema, "Wewe ndiye unayejua," nami nikaifuta, nikaichomeka kwenye runinga yangu na kuanza kuijaza mechi za mpira. Kibaya zaidi, mwaka jana aliwahi kutaka kununua flashi za kuweka nakala, nami ndiye niliyemkataza, nikamwambia flashi za nini na mimi nipo.

Wiki ya nne akanipigia simu. "Kaka, majina ya nyimbo yote nayaona, lakini nikibonyeza, kimya." Nilikwenda. Nilifungua faili moja baada ya jingine, matupu, na pale pale nikaelewa kuwa diski ile ilikuwa ya uongo, ukubwa ulikuwa kwenye karatasi tu, na kila nilichokimwaga baada ya kujaa kilikuwa kimemwagika hewani, na kilichoandikwa baadaye kikavikanyaga hata vile vya mwanzo. Nilielewa kabisa. Kisha nikamgeukia dada yangu, nikamwuliza kwa sauti ile ya darasani, "Radhia, umebonyeza nini?"

Akasema, "Sijui, kaka. Labda niligusa mahali."

Nikamwachia hivyo hivyo.

Sasa ni mwezi. Haigusi tena ile laptopu, ameifunika kitambaa. Wiki iliyopita nilimkuta kwenye simu anaongea na Salwa, binti wa Bi Mbarka, mwimbaji aliyefariki majira ya baridi. Salwa anamwoza bintiye mwezi wa nane na alikuwa amemwomba Radhia sauti ya mama yake ipigwe siku ya hina. Nilimsikia dada yangu akisema, "Nisamehe, mwenzangu, nimempoteza mama yako kwa mikono yangu mwenyewe." Nami nimesimama mlangoni na mfuko wa machungwa.

Mshauri, nimwambie, au kwanza nitafute njia ya kurekebisha kimya kimya? Akijua, nitamtazama vipi?

— Lamjed, Sfax

*

Lamjed,

Barua yako haikungoja zamu yake gazetini. Nilikupigia siku ile ile, na niliyokuambia nayaandika hapa kwa sababu wewe na dada yako mmeniruhusu, na wasomaji wangu wengi wana Lamjed wao nyumbani.

La kwanza nililokuambia halikuwa la moyo: chomoa ile diski ya zamani kwenye runinga, sasa hivi, usiwekee kitu, usifute kitu. Diski ikifutwa juu juu vingi hubaki chini yake, mpaka kipya kiandikwe mahali pake. Kila mechi uliyoiweka pale ilikuwa inamkanyaga bibi mmoja. Uliniambia, "Ngoja kwanza nikamalize kipindi darasani." Nilikukemea, na sijutii.

La pili: ulitaka kurekebisha kimya kimya ili uje na nyimbo mkononi na usamehewe kabla hujakiri. Hapana. Kununua diski mbovu ni ujinga, na ujinga sote tunao. Lakini kumwona mtu anabeba kosa lako mwezi mzima, ukaja kumsalimia na machungwa, huo si ujinga, Lamjed. Nakuonea huruma kwa aibu unayoisikia, ila aibu hiyo ilikuwa ya Radhia kwa wiki nne na uliona ni sawa tu.

Ulikwenda siku ya pili. Uliniambia alikuwa anamenya njegere na hakuacha kumenya. Alikuuliza jambo moja: "Siku ile uliponiuliza nimebonyeza nini, ulikuwa unajua?" Ukasema ndiyo. Akasema, "Nimekuwa naogopa hata kuwasha jiko, Lamjed. Nilidhani akili yangu imeanza kwenda kama ya mama." Kisha akakuomba uondoke. Umeniandikia kuwa jibu hilo limekuuma. Liache likuume.

Ulifanya vizuri kumpelekea Yosra ile diski ya zamani, na kumwomba radhi kwa lile la cherehani mbele ya wateja, si pembeni. Alikuambia, "Mwalimu, ungejibu tu hujui, ningekuja kuiangalia mwenyewe." Amefanya kazi siku tano. Nyimbo sitini na moja zilikuwepo, thelathini na nane zimerudi. Za Bi Mbarka zilikuwa tano, zimerudi mbili. Zile tatu usimwambie mtu kuwa siku moja zitapatikana. Zimekwisha.

Na ninyi mnaosoma, mnaotaka kuihuisha laptopu iliyochoka: diski ya SSD ni kitu kizuri, nunueni. Ila kwanza ifungue laptopu yako, au peleka kwa anayejua, ujue inachukua umbo gani, kisha nunua dukani penye risiti na dhamana, kwa mtu utakayemkuta hapo mwezi ujao. Ukubwa ukikushangaza na bei ikakushangaza pia, irudishe mezani. Ijaribu kwa kuijaza mpaka pomoni na kuvisoma ulivyoviweka, vyote, si viwili vya mwanzo. Ile ya zamani itie kabatini, isiguswe mwaka mzima, na nakala nyingine iwe nyumba nyingine. Na ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Hakuna aliyekufa kwa neno hilo.

Lamjed, Radhia bado hapokei simu yako. Acha kumpigia kila saa kumlilia, anahitaji kupumzika mbali nawe. Ila kuna nyumba moja Kerkenna ambako bado wanaamini ni yeye aliyempoteza mama yao. Jumamosi panda feri, usimtume mtu, usimpigie Salwa simu kujitetea mapema. Akikufungulia mlango, usianze na msamaha. Mpe zile nyimbo mbili, kaa, umwache amsikilize mama yake mpaka mwisho. Akishamaliza kulia, ndipo umwambie ni nani aliyefanya nini, na ukubali chochote atakachokujibu.

— Bi Naziha