Baba, Godoro Anakula

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotuaga hospitalini, na nyumba yako bado ina manyoya ya sungura kila mahali. Tunafagia, tunafuta, tunakung'uta, wapi! Mama anasema hata yeye atazikwa nayo kwenye gauni.

Ulikuwa fundi makochi, na fundi kwelikweli. Kochi lililobonyea likiingia karakana yako lilitoka limejaa na kunyooka, hadi mwenyewe anaona haya kulikalia. Lakini mganga hajigangi. La kwetu sebuleni lilikuwa limetoboka pembe zote, sponji inachungulia, na mteja akija nyumbani ulimuwahi mlangoni: "Usiangalie hilo, hilo ni la wenyewe." Wenyewe walikuwa chini yake, wanatafuna.

Yote yalianza ulipoitwa kituo cha kuokolea wanyama kubadilisha vitambaa vya viti vya mapokezi. Ulirudi na sungura wawili ndani ya kapu la vifaa, nyundo umeishika mkononi kwa kukosa pa kuiweka. Watu fulani walikuwa wamehama na kuwaacha kwenye kibanda cha waya, bila hata maji. Daktari wa pale alikuambia wamezoeana mno: wachukuliwe wote au waachwe wote.

"Baba watoto, hao ni wa kupika?" Mama aliuliza.

"Ni wageni tu, mama watoto. Siku mbili."

Siku ya tatu Mama alileta jembe hadi sebuleni, akaliegemeza ukutani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, wape!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kufika jioni mmoja wao alikuwa ameshautafuna mpini. "Si unaona," ukamwambia Mama, "wameanza kazi."

Yule mweupe mnene ukamwita Godoro. Yule mwembamba anayeuma ukamwita Msumari. Ulizivisha nyaya zote za nyumba mipira ili wasizitafune, ukawafundisha kujisaidia kwenye boksi la nyasi kavu pale konani. Walijifunza haraka kuliko kitinda mimba wako, na jambo hilo ulimtangazia mbele ya rafiki zake.

Ukirudi kazini ulivua viatu ukalala kifudifudi mkekani, mtu mzima na mvi zako, wakakunusa uso wote. Ulituambia sungura hapendi kunyanyuliwa ovyo. Ukitaka urafiki naye, shuka wewe. Baba Mdogo hakukosa kukuchokoza: "Kaka, huyu mnene ana kilo ngapi?" Nawe hukukosa jibu: "Na wewe una ngapi? Nataka nijue naanza na nani."

Mama peke yake hakuwagusa. Kuwakatia mboga, sawa. Kuwapigia kelele, kila siku. Kuwagusa, hapana. Ndiyo maana ulipougua ulitusemesha sote lakini macho yako yalikuwa kwake: "Nikiondoka, msiwarudishe. Na msiwatenganishe." Mama alitazama dirisha. Hakukujibu, Baba, na mimi najua uliondoka na swali hilo moyoni. Tunakuandikia ili upate jibu.

Baada ya mazishi Godoro aligoma kula. Alijikunja kando ya ndala zako, majani ya karoti akayapa mgongo. Daktari wa kituo alituonya kwamba sungura asipokula siku nzima, tumbo husimama na anaweza kufa. Tulimbembeleza kwa zamu, hata Baba Mdogo, tena yeye ndiye aliyebembeleza zaidi. Wapi. Mama naye alikuwa hatii kitu mdomoni, ila nyumba ilijaa watu na hakuna aliyeliona hilo zaidi yangu.

Basi Mama akashika ukuta, akashuka sakafuni kwa magoti yake yale mabovu, akamvuta Godoro pajani.

"Kula, mwenzangu," akamwambia. "Ukila wewe, na mimi nitakula."

Akauma jani, akamsogezea lililobaki. Godoro akalinusa kwa muda mrefu. Kisha akaanza kutafuna, na Mama akatafuna, machozi yakimtoka. Tuliona tuwaache.

Sasa anawafokea kama anavyotufokea sisi, na wewe unajua maana yake. Baba Mdogo alipojisahau akaanza tena habari za kilo, Mama alimnyang'anya sahani ya chakula.

Juzi alituaga kwamba anakwenda kituoni kusalimia tu. Alirudi na kapu. Ndani yake kulikuwa na sungura wa kijivu, mwenye sikio moja, anatetemeka.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Alikuwa peke yake."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi. Na mimi kifungua mimba wako ninayeandika haya. Na kitinda mimba wako, ambaye siku hizi ndiye anayebadilisha nyasi. Na mdogo wako, ambaye amesharudishiwa sahani. Na Godoro na Msumari, ambao hawajatengana. Na huyu wa sikio moja, ambaye hata jina bado hana. Yeye hakukukuta, Baba. Sisi hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na yeye tunamsimulia.