Injini ya Baba

Mwanaasha shoga yangu, siamini.

Ile Canter ya mizigo aliyotuachia marehemu baba imetusumbua kwenye kila mlima tangu tulipotoka Likawage na korosho. Kufika Somanga, fundi akafuta grisi ubavuni mwa injini, akasoma namba: 4D32.

Ya baba ni 4D33! Ina nguvu zaidi.

Nikamgeukia mdogo wangu Ignatius, maana dereva ni yeye. Akasema, "Dada, ile niliiuza, nikafunga hii. Zinafanana, nilijua hutajua."

Hutajua. Kasema hivyo mbele ya fundi.

Nikapanda gari, tukaendelea na safari.

Tumefika nyumbani, mama akauliza, "Gari la baba yenu halijawasumbua?"

Ignatius akamjibu, "Hapana mama, injini ni ile ile."

Mama akanitazama mimi.

Nikasema, "Ile ile, mama."