Kasida ya Anwari Imefutika

Mama Maimouna, kasida ya Anwari imefutika. Imefutika yote!

Nilimwagiza mjukuu wangu Sifa aunganishe simu yangu na kompyuta ya nyumbani, ili kasida za Maulidi ziingie simuni kabla umeme haujakatika. Kompyuta ikauliza kwa Kifaransa kama nyimbo zote za simuni zifutwe, ziwekwe zilizomo ndani yake. Nami, kwa haraka, nikabonyeza «ndiyo».

Nilibonyeza mimi mwenyewe. Kwa kidole changu!

Unajua kwamba tangu vita vifunge njia ya Manono, miezi miwili sasa, sijapata neno kutoka kwa mwanangu Anwari. Sauti yake ilikuwa katika kasida ile tu.

Sifa akasema, «Ni weye njo ulikubali, Bibi! Lakini usilie, ataimba ingine akirudia.»

Nikamuuliza, «Na asiporudi?»

Akaanza kuuchezea ule waya wa simu. Nikamkataza asiguse kitu.

Ndipo nilipokumbuka kwamba siku ya Idi Anwari alikurushia wewe kasida ile ile. Je, ungali nayo? Usinitumie. Usiiunganishe simu yako na chochote. Iweke mezani, ukae karibu nayo. Ninakuja kwa miguu.